Hodi, roboti! Historia ya faili mbili ndogo kwenye malango ya tovuti

Neno ‘hodi’ halina nguvu ya kufuli. Anayelitamka mlangoni angeweza, akitaka, kuingia moja kwa moja, kwani aghalabu mlango wenyewe uko wazi na pazia linapepea. Kinachomsimamisha pale kizingitini ni adabu tu, pamoja na hofu ya kuitwa mshenzi kijiji kizima. Kwa hivyo ‘hodi’ ni mkataba usioandikwa: mgeni anakubali kungoja, mwenyeji naye anakubali kujibu. Katika kaunti za Homa Bay na Migori, ambako Kiluo, Kikuria, Kisuba na Kiswahili hukutana sokoni na kwenye matatu, neno hili limevuka mipaka ya lugha. Mtu hubisha kwa Kiswahili, ‘hodi’, na kutoka ndani akajibiwa kwa Kiluo, ‘donji’, yaani ingia.

Msomaji huenda akashangaa nikisema kwamba intaneti nzima, pamoja na ukubwa na ujanja wake wote, imekuwa ikiendeshwa kwa hodi ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Hodi yenyewe imeandikwa katika faili ndogo ya matini iitwayo robots.txt. Baadaye ikazaliwa ndugu yake, ads.txt, ambayo kazi yake ni kutaja ni nani aliyeruhusiwa kuuza nafasi za matangazo kwa niaba ya mwenye tovuti. Faili hizi si siri. Andika jina la tovuti yoyote ya gazeti katika kivinjari chako, weka alama ya mkwaju, kisha jina la faili, nayo itafunguka mbele ya macho yako. Wengi hawajawahi kuzitazama. Hata hivyo, ndani ya mistari hiyo michache ndimo inamoamuliwa nani atasoma maandishi yetu, nani atayavuna, na nani atapokea hela zinazotokana nayo.

LANGO LA THIMLICH

Tuanze na lango ambalo si la mtandao. Kaskazini magharibi mwa mji wa Migori kuna Thimlich Ohinga, makazi yaliyozungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kuyashikanisha. Wataalamu wanakisia kuwa kuta hizo zilijengwa yapata karne ya 16. Mwaka wa 2018, shirika la UNESCO liliziingiza katika orodha ya turathi za dunia. Jina lenyewe ni la Kiluo: ‘thim’ ni msitu au pori, ‘lich’ ni cha kutisha, na ‘ohinga’ ni boma au ngome.

Aliyefika Thimlich hujionea kwamba waliojenga hawakutegemea kuta peke yake. Malango yake ni mafinyu na ya chini, kiasi kwamba mgeni hulazimika kuinama ili apite. Aliyeinama hawezi kuinua mkuki. Walinzi walikuwa karibu na lango, wakimtazama anayeingia kabla yeye hajawaona vizuri. Ndani walikaa watu na mifugo, kila ukoo na sehemu yake. Hivyo, lango lilifanya kazi mbili: lilimzuia adui kwa mawe, na likamfundisha mgeni mwema kwamba hapa pana wenyewe.

Tofauti hii kati ya ukuta na hodi ndiyo ufunguo wa historia ninayoisimulia. Ukuta humzuia hata asiyetaka kuzuiwa. Hodi humzuia tu yule aliye radhi kuzuiwa. Waliobuni intaneti walipofikia hatua ya kuchagua baina ya mawili hayo, walichagua hodi.

MHOLANZI NA ADABU YA 1994

Neno ‘roboti’ lina historia yake. Lilienea duniani kutokana na tamthilia ya Mcheki Karel Čapek iliyochapishwa mwaka wa 1920, na mzizi wake katika Kicheki unahusu kazi ya shokoa, kazi ambayo mtwana alimfanyia bwana shamba bila malipo. Roboti za intaneti hazina mikono wala miguu. Ni programu tu zinazotumwa kusoma ukurasa mmoja, kufuata viungo vilivyomo hadi ukurasa wa pili, wa tatu, wa elfu, zikinakili kila zinachokikuta. Waingereza husema programu hizo ‘hutambaa’, nasi twaweza kuziita vitambazi. Bila vitambazi hakuna injini ya kutafuta: Google haijui lolote kuhusu tovuti yako hadi kitambazi chake kiwe kimepita kwako.

Mwaka wa 1993 tovuti za dunia nzima zilihesabika kwa mamia. Mwezi Juni mwaka huo, mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, Matthew Gray, alitoa kitambazi chake kilichozunguka ili kupima ukubwa wa mtandao. Wengine wakafuata. Tatizo likawa kwamba seva za siku hizo zilikuwa dhaifu na nyaya zake nyembamba. Kitambazi kilichoandikwa vibaya kiliweza kuomba kurasa kwa kasi isiyo ya kibinadamu, kikarudia zilezile, kikazama katika kurasa zisizo na mwisho, na seva ikazirai. Mfano wake ni mgeni mmoja anayebisha mlango mara mia kwa dakika: hata kama hana nia mbaya, wenye nyumba hawatalala.

Martijn Koster, mhandisi wa programu kutoka Uholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Nexor nchini Uingereza, alionja adha hiyo. Mwezi Februari 1994 aliwaandikia wenzake waliokuwa wakijenga mtandao akipendekeza jambo jepesi: kila mwenye seva aweke faili moja mahali panapojulikana, na kila roboti iisome faili hiyo kwanza kabla ya kugusa chochote kingine. Kufikia tarehe 30 Juni 1994 walikuwa wameafikiana. Hapakuwa na bunge lililopiga kura, wala bodi ya viwango iliyotia muhuri. Hati yenyewe ilikiri waziwazi kwamba hakuna wa kuwalazimisha watu kuifuata. Walikubaliana kama majirani wanavyokubaliana kuhusu njia ya ng’ombe.

Ikafanya kazi. Injini za kutafuta za wakati ule, zikiwemo WebCrawler, Lycos na AltaVista, zikaitii. Google ilipokuja mwishoni mwa muongo ikafuata. Kwa nini wakubwa hawa walitii bila kushurutishwa? Kwa sababu pande zote mbili zilinufaika. Mwenye tovuti aliruhusu isomwe, naye akaletewa wasomaji. Injini ya kutafuta ilisoma bure, nayo ikarudisha fadhila kwa kuonyesha njia ya kurudi kwa mwenyewe. Hisani hiyo ya kupeana ndiyo iliyokuwa nguzo ya mkataba. Tuikumbuke, maana baadaye tutaiona ikitikisika.

Ajabu ni kwamba makubaliano hayo yalibaki ya mdomo, kwa namna ya kusema, kwa miaka 28. Ni mnamo Julai 2019 ndipo Google ilipopendekeza yaandikwe rasmi, na Septemba 2022 yakachapishwa kama waraka wa kiwango cha intaneti, RFC 9309, jina la Koster likiwa la kwanza katika orodha ya waandishi. Hata hapo, waraka ulisisitiza lilelile la awali: kanuni hizi si njia ya kumpa mtu au kumnyima idhini ya kuingia. Ni ombi.

SARUFI YA MKWAJU MMOJA

Kwa kuwa huu ni ukumbi wa lugha, hebu tuitazame faili hii kama matini. Msamiati wake hauzidi maneno matano. Mstari wa kwanza hutaja anayeambiwa: jina la roboti fulani, au alama ya nyota ikiwa zinaambiwa zote. Mistari inayofuata hutoa amri kwa vitenzi viwili, cha kuruhusu na cha kukataza, na kila kitenzi hufuatwa na jina la sehemu ya tovuti. Hakuna sababu zinazotolewa, hakuna tafadhali, hakuna nyakati.

Ufupi huo una hatari yake. Ukiandika neno la kukataza, Disallow, ukaweka nukta pacha na kuishia hapo, umesema: ‘Hakuna nilichokataza, karibuni nyote.’ Ukiongeza mkwaju mmoja mbele yake, umesema: ‘Tokeni, nyumba yote imefungwa.’ Alama moja, ndogo kuliko punje ya mtama, ndiyo inayotenganisha ukarimu na ukimya. Mafundi wa tovuti hupenda kuweka mkwaju huo wakati wa ujenzi ili kazi isionekane kabla haijakamilika. Kazi ikimalizika, sherehe ikifanywa, fundi akilipwa na kwenda zake, mkwaju husahauliwa. Tovuti inakuwepo, inapendeza, lakini injini za kutafuta zinaipita kama kaburi.

Kuna kosa la pili, nalo linatokana na kudhani kwamba hodi ni kufuli. Baadhi ya watu huorodhesha katika robots.txt sehemu zao za siri, wakitaraji roboti zisiende huko. Wanasahau kwamba faili yenyewe husomwa na kila mtu. Katika Nyatike, kule Macalder kulikochimbwa dhahabu tangu enzi za ukoloni, hakuna mchimbaji atakayebandika mlangoni kibao cha ‘Msiingie chumba cha nyuma, kuna dhahabu’. Aliye mwema hangeingia hata bila kibao. Mwizi naye atakuwa amerahisishiwa kazi. Cha siri huwekewa nywila.

KISA CHA MOCALITY

Sasa tuje nyumbani Kenya. Kisa kinachotuonyesha mipaka ya hodi kuliko vyote kilitokea Nairobi, na kilihusu kampuni ya Mocality.

Wakati huo nchi haikuwa na orodha kamili ya biashara. Maelfu ya maduka, gereji, saluni na vibanda hayakuwa yameandikwa popote. Mocality iliwatumia watu wa kawaida kuzunguka mitaani wakikusanya majina ya biashara, mahali zilipo na nambari za simu, na ikawalipa kupitia M-Pesa kwa kila taarifa iliyothibitishwa. Kwa jasho hilo ikajenga hazina ya biashara zaidi ya 100,000. Orodha iliwekwa wazi mtandaoni ili wateja waitafute, ila masharti ya tovuti yalikataza kuinakili kwa wingi.

Mnamo Septemba 2011, Google ilizindua nchini mpango wa kuwasaidia wafanyabiashara wa Kenya kuwa na tovuti. Muda si mrefu, Mocality ikaanza kupigiwa simu za ajabu na wenye biashara waliouliza kuhusu tovuti ambazo Mocality haikuwahi kuwaahidi. Walipochunguza kumbukumbu za seva yao, waliona kwamba kuna mgeni mmoja mwenye anwani ileile aliyekuwa akifungua ukurasa wa biashara baada ya biashara, siku baada ya siku. Hakuwa roboti. Walikuwa watu, wakitumia vivinjari vya kawaida, wakisoma nambari na kuzipiga.

Mocality ikatega mtego. Mwezi Desemba 2011 ilibadilisha tovuti ili mgeni huyo akifungua baadhi ya kurasa, aonyeshwe nambari za simu zinazoelekea kwa wahudumu wa Mocality wenyewe. Simu zikalia. Wapigaji walijitambulisha kuwa wa Google, na hata wakadai kwamba Google na Mocality zinashirikiana, jambo ambalo halikuwa kweli. Tarehe 13 Januari 2012, mkurugenzi mkuu Stefan Magdalinski aliweka hadharani ushahidi wote pamoja na rekodi za simu. Google haikukana. Mmoja wa makamu wake wa rais, Nelson Mattos, aliomba radhi na kukiri kwamba kundi la watu waliofanya kazi katika mradi wao lilitumia data ya Mocality isivyofaa na kuwapotosha wateja wake.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. Kwanza, hodi ya robots.txt inazungumza na roboti pekee. Binadamu aliyeajiriwa kunakili haisomi wala haimhusu. Pili, kampuni ambayo vitambazi vyake vilisifika kwa kutii faili ile kote duniani, ilijikuta ikiaibishwa na wanadamu waliofanya kazi chini ya jina lake. Adabu ya mashine haikuwa dhamana ya adabu ya watu. Mocality yenyewe ilifungwa mwaka wa 2013.

SAMAKI WA MBALI, JINA LA HOMA BAY

Faili ya pili ilizaliwa kutokana na wizi wa aina nyingine: wizi wa jina.

Mkazi yeyote wa Homa Bay au Mbita anaijua kero ya samaki walioagizwa kutoka China. Wanafika wakiwa wamegandishwa, wanapangwa mezani, na mnunuzi asiye mjuzi huambiwa kwamba ngege huyo ametoka ziwani jana. Mvuvi aliyekesha majini anapoteza mara mbili: soko lake linachukuliwa, na jina la ziwa lake ndilo linalotumiwa kulichukua.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika biashara ya matangazo ya mtandaoni. Unapofungua ukurasa wa gazeti, nafasi ya tangazo aghalabu huuzwa papo hapo, katika mnada unaoendeshwa na mashine na kumalizika kabla ukurasa haujafunguka kikamilifu. Kati ya mwenye gazeti na mwenye tangazo kuna madalali kadhaa. Dalali laghai aliweza kuingia mnadani na kutangaza, ‘Nina nafasi katika gazeti kubwa fulani,’ ilhali nafasi yake ilikuwa katika tovuti ya ovyo, au haikuwepo kabisa. Mnunuzi hakuwa na njia ya kuhakikisha. Alilipa bei ya ngege wa ziwani akapewa wa jokofu.

Desemba 2016, kampuni ya usalama ya White Ops ilifichua mtandao wa ulaghai ulioitwa Methbot, uliojifanya kuwa zaidi ya tovuti 6,000 zenye majina ya kuheshimika na kuonyesha matangazo ya video kwa ‘watazamaji’ ambao walikuwa mashine tupu. White Ops ilikadiria mapato yake kuwa kati ya dola milioni 3 na milioni 5 kwa siku. Aliyeuongoza, raia wa Urusi Aleksandr Zhukov, alihukumiwa na mahakama ya Marekani kifungo cha miaka 10 mwaka wa 2021. Nalo gazeti la Financial Times la London lilipofanya uchunguzi wake mwaka wa 2017, lilikuta nafasi za matangazo zikiuzwa kwa jina lake katika masoko ambayo halikuwahi kuyaidhinisha. Thamani ya nafasi hizo bandia ilikadiriwa kufikia pauni milioni 1 kwa mwezi.

Dawa iliyotolewa mwaka huohuo wa 2017 na IAB Tech Lab, taasisi ya viwango vya matangazo ya mtandaoni, iliiga wepesi wa Koster. Mwenye tovuti anaweka faili ya matini, ads.txt, akiorodhesha masoko na madalali aliowaidhinisha. Kila mstari una jina la soko, nambari ya akaunti katika soko hilo, na neno moja la kueleza uhusiano: ama akaunti ni ya mwenye tovuti mwenyewe, ama ni ya mchuuzi anayeuza kwa niaba yake. Huweza kuongezwa sehemu ya nne, kitambulisho cha soko. Mnunuzi akiambiwa, ‘Hii ni nafasi ya gazeti fulani,’ anakwenda kwenye tovuti ya gazeti lenyewe na kutazama kama jina la muuzaji limo. Ni sawa na kubandika ubao ufuoni Homa Bay wenye majina ya wanaoruhusiwa kuuza samaki wa ufuo huo, ili mnunuzi aliye Nairobi aweze kuusoma kabla ya kutoa pesa.

Tofauti na hodi ya roboti, ubao huu ulipata meno upesi, maana wenye pesa waliamua kuusoma. Mwishoni mwa 2017 Google na wanunuzi wengine wakubwa walianza kukataa nafasi zinazouzwa na asiye kwenye orodha. Mwaka wa 2019 ikaongezwa app-ads.txt kwa ajili ya programu za simu. Hata hivyo, orodha ni nzuri kadiri inavyotunzwa. Mchapishaji anayemwacha dalali bila kumfuta katika faili amemwachia ufunguo. Anayenakili mistari mia ya madalali asiowajua, kwa kuwa tu aliambiwa na mmoja wao aiweke, ameufungua ufuo kwa kila mpita njia. Mwaka wa 2020 kampuni ya Integral Ad Science ilieleza ulaghai uitwao 404bot, uliostawi hasa katika tovuti zenye orodha ndefu zisizopitiwa kwa muda mrefu.

Kwa mchapishaji mdogo wa Rongo au Oyugis anayeandika habari za kaunti na kutegemea shilingi chache za matangazo, hili si jambo la kinadharia. Asipokuwa na faili hiyo, au ikiwa na kosa katika nambari ya akaunti yake, wanunuzi makini watampita. Nani atakayemweleza kwa nini mapato yamekauka? Mashine ya mnada haisemi sababu.

WAVUNAJI WAPYA

Turudi sasa kwa ile nguzo ya hisani, ya kusomwa bure na kurudishiwa wasomaji. Imetikisika tangu kuja kwa programu za akili unde zinazojibu maswali zenyewe. Programu hizo hufunzwa kwa mabilioni ya maneno yaliyokusanywa mtandaoni. Kitambazi chao kinakuja, kinasoma, kinaondoka. Lakini mtumiaji akiuliza swali, jibu analipata palepale, na huenda asiguse kamwe tovuti lilikotoka. Mgeni anakula, hasemi ahsante, na anakwenda kufungua hoteli kwa mapishi uliyompa.

Agosti 2023, kampuni ya OpenAI ilitangaza jina la kitambazi chake, GPTBot, na jinsi ya kukikataza kupitia robots.txt. Mwezi uliofuata Google ikatoa jina la kutumiwa na wasiotaka maandishi yao yafunze akili unde yake. Magazeti mengi duniani, New York Times likiwemo, yakaandika katazo. Julai 2025, kampuni ya Cloudflare, ambayo tovuti nyingi hupitia kwake, ilianza kuvizuia vitambazi vya akili unde katika tovuti mpya hadi mwenyewe aruhusu. Zingatia mabadiliko hayo: wamehama kutoka kwenye hodi kurudi kwenye ukuta wa Thimlich. Ombi lilipopuuzwa, mawe yalipangwa upya.

Je, sisi tufunge au tufungue? Swali hili lina uzito wa pekee katika kaunti hizi mbili kwa sababu ya lugha zake. Kiingereza kina maandishi yasiyohesabika mtandaoni; gazeti moja likijifunga, mashine haitaona pengo. Kiluo kina kidogo. Kikuria kina kidogo zaidi. Kisuba, lugha ya Kibantu ya visiwa vya Rusinga na Mfangano pamoja na nyanda za Gwassi, kimekuwa kikimezwa na Kiluo kwa vizazi kadhaa, na wazungumzaji wake wengi ni wazee. Redio ya jamii ya Ekialo Kiona, kisiwani Mfangano, imekuwa miongoni mwa sauti chache zinazokitangaza hewani. Katika lugha ya hali hiyo, kurasa kumi si tone baharini. Zikifungwa kwa mkwaju mmoja, katika masikio ya mashine lugha hiyo haipo. Zikiachwa wazi bila masharti, zitavunwa na kampuni tajiri, na aliyesimuliwa ngano na nyanyake akaiandika hatapata hata kutajwa jina.

Njia ya tatu ipo, nayo imejaribiwa karibu na hapa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene, walijenga hazina ya Kencorpus ya Kiswahili, Kiluo na Kiluhya. Hawakutuma vitambazi tu. Walikwenda katika jamii na shule, na wakashirikiana na vyombo vya habari na wachapishaji. Walichokikusanya ni matini 4,442 zenye maneno milioni 5.6, pamoja na saa 177 za sauti. Huko ndiko kupiga hodi hasa: unabisha, unangoja, unaeleza shida yako, unajibiwa ‘donji’.

NANI ANASHIKA KALAMU?

Ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, kila kaunti ilijipa tovuti. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 inazitaka taasisi za umma zichapishe baadhi ya habari bila kuombwa. Bajeti, zabuni, nafasi za kazi: hizi ni mali ya umma. Lakini mkazi wa Kendu Bay hafungui tovuti ya serikali na kupekua ukurasa baada ya ukurasa. Anaandika swali katika Google. Kama sehemu ya nyaraka imekatazwa katika robots.txt, kwa makusudi au kwa usahaulifu, bajeti itakuwa imechapishwa kisheria na kufichwa kivitendo. Ndiyo maana faili hii haifai kuachiwa fundi wa kandarasi peke yake. Ni uamuzi wa kiutawala ulioandikwa kwa lugha ya kiufundi.

Vivyo hivyo kwa mchapishaji, redio ya kijiji na mwalimu mwenye blogu ya methali za Kikuria. Ukaguzi hauhitaji digrii. Fungua faili ya kwanza uone nani amekatazwa na kwa nini. Futa mkwaju uliosahauliwa. Amua kwa jina ni roboti zipi unazitaka na zipi huzitaki. Fungua ya pili uone kama unawajua wote walioidhinishwa. Usiyemjua muulize, asiye na jibu mwondoe. Fanya hivyo kila unapobadilisha fundi au dalali.

Napendekeza pia tuzipe faili hizi majina yetu, maana kitu kisicho na jina huwa vigumu kukidai. Robots.txt tuiite faili ya hodi, nayo ads.txt tuiite faili ya mawakala. Diwani wa bunge la kaunti ataweza kusimama na kuuliza, ‘Faili yetu ya hodi inasema nini?’ na kila aliye ukumbini akaelewa swali. Waliopanga mawe ya Thimlich walijua lango lao liko wapi, ni la upana gani, na nani amesimama kando yake. Tovuti nyingi za leo zina lango ambalo wenyewe hawajawahi kuliona.